MWENZETU AKIANGUKA KIFAFA KAZINI



Katika matawi tunayotembelea, jambo hili huulizwa pembeni, mkutano ukishafungwa: "Ndugu katibu, yule mwenzetu anayeanguka, tumfanyeje?" Leo tunajibu hadharani.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si pepo, si kurogwa, wala hakiambukizi kwa mate au povu. Tunaanza na hilo kwa sababu bado wapo watu wanaomwacha mgonjwa aungue jikoni, wao wamesimama kando wakiogopa povu.

Akianguka karibu na mashine, kwanza mashine izimwe. Msimhamishe ila kama yupo penye hatari: moto, maji au njia ya matrekta. Mwekeeni kanga au koti chini ya kichwa, mlegezeni kola. Msimkandamize mikono na miguu, mtamuumiza. Msimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Desturi hii ya kijiko imeenea mno, na kazi yake ni kuvunja meno tu. Mtu hawezi kumeza ulimi wake. Mtikisiko ukitulia, mlazeni ubavu mate yatoke asipaliwe. Tazameni saa. Zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, au ameumia, au ni mjamzito, au ndiyo mara yake ya kwanza, tafuteni gari la hospitali. Asipewe maji mpaka azinduke kabisa. Mmoja abaki naye, wengine watawanyike, maana huamka amechanganyikiwa na pengine amejikojolea.

Dawa ipo. Huko Mahenge, Tanzania, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mnamo miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa waliotengwa, wengine wana makovu ya moto. Kwa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu, wengi walipungukiwa na kuanguka. Lakini ni dawa ya kila siku. Mtu akikaa miezi mitatu salama husema amepona, akaitupa. Kuacha ghafla huweza kuleta mtikisiko usiokatika, nao huua. Aulizwe mganga kwanza. Pombe na kukosa usingizi huchochea ugonjwa, kwa hiyo zamu ya usiku haimfai.

Hapo ndipo chama kinapoingia. Katika shamba moja la chai, meneja alimwandikia mchumaji barua ya kumwachisha kazi siku ya pili baada ya kuanguka. Tulimwuliza: kuchuma majani kwa mkono kuna mashine gani? Barua ilirudishwa. Mama yule anachuma mpaka leo, na siku ya kliniki hakatwi mshahara.

Hatusemi kila kazi inamfaa. Anayeanguka asiendeshe trekta, asipande ngazi, asifanye kazi peke yake penye bwawa. Basi ahamishwe, asifukuzwe. Mkataba namba 159 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1983, unataka mlemavu awezeshwe kupata kazi inayomfaa, kudumu nayo na kupanda ndani yake.

Katika mazungumzo yajayo na waajiri, kila tawi lidai mambo haya yaandikwe: uhamisho bila kupunguziwa mshahara, ruhusa ya kliniki yenye malipo, na fenobabitoni isikosekane katika zahanati ya shamba. Makatibu wa matawi walete majina ya mashamba yasiyo na zahanati.