Kwanza Breki, Kisha Mwendo

Wengi wetu tukiona gari zuri huuliza neno moja tu: "Lakimbia kiasi gani?" Ni wachache waulizao, "Lasimama namna gani?" Nataka kueleza kwa nini swali hili la pili ndilo linalostahili kutangulia, hasa kwa mtu anayetengeneza upya gari la zamani.

Mjomba wangu ana Land Rover fupi ya mwaka 1966, ya aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Gari hilo liliundwa kwa njia za mawe na matope, na kwa njia hizo lilitosha. Lakini siku hizi barabara itokayo Vurra, ikapita Arua, Maracha na Koboko hadi Oraba, ni ya lami. Mjomba akaona aibu kupitwa na kila gari, hata na pikipiki zilizopakia magunia. Akanunua difu yenye mwendo zaidi, akaifunga. Breki hakuzigusa.

Siku ya kwanza tulitoka Koboko kurudi Arua, nami nimeketi kando yake. Tulipokuwa tukishuka mteremko, ng'ombe wakaanza kuvuka barabara. Mjomba akakanyaga breki. Pedali ikazama. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu. Gari likavutwa kulia, upande wa magari yajayo, likasimama hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe wa mwisho. Lori lililokuwa likija lilikuwa bado mbali. Lau lingalikuwa karibu, nisingaliandika habari hii.

Sasa tutazame sababu. Gari likikimbia kilomita 80 kwa saa, nguvu iliyomo ndani yake si mara mbili ya ile ya kilomita 40, bali ni mara nne. Nguvu hiyo yote hugeuzwa na breki kuwa joto. Katika Land Rover ya zamani kila gurudumu lina ngoma ya chuma, na ndani yake vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, ambavyo husukumwa nje visugue ngoma. Ngoma ikipata moto sana hupanuka na kuvikimbia vile vipande. Ndiyo maana pedali huzama. Na kama vipande vya upande mmoja vimelowa mafuta au vimekwisha, gari huvutwa upande ule ushikao vizuri.

Tena, gari la namna ile lina njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki.

Basi fundi alianza hapa. Aliondoa ngoma za inchi 10, akaweka za inchi 11 kutoka Land Rover ndefu, ambazo zina eneo kubwa zaidi la kusugua. Akafunga masta silinda yenye njia mbili, ili moja ikivuja nyingine ibaki. Akabadili mabomba ya mpira yote, akatia mafuta mapya ya breki. Mafuta haya hunyonya maji ya hewani, na yakiwa na maji huchemka upesi. Basi yafaa kubadiliwa kila baada ya miaka miwili hivi. Usitie kamwe mafuta ya injini mahali pake, maana yataharibu mipira iliyomo. Mwisho akaweka bosta. Lakini tusidanganyike: bosta humsaidia dereva asichoke mguu tu, haizuii ngoma kupata moto.

Na ile difu je? Difu ni kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya ekseli. Katika ile ya asili, shafti huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mjomba aliweka ya Range Rover, yenye 3.54. Kwa hiyo injini ikizunguka vilevile, gari huenda mbio zaidi kwa theluthi moja. Faida ni kubwa: kelele hupungua na injini haichoki. Lakini kuna hasara mbili. Ya kwanza, injini hiyo ndogo hulemewa mlimani. Ya pili, ukiachia mafuta mteremkoni, injini haikushikilii kama zamani, na mzigo wote huangukia breki. Ndiyo siri ya mkasa wetu: mwendo uliongezwa, na kizuizi kikapunguzwa, kwa kazi moja.

Jambo jingine: difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zikitofautiana, ukitumia magurudumu yote manne kwenye ardhi kavu, gia na shafti zitashindana hata kitu kivunjike. Mwenye kutaka mwendo bila kupoteza nguvu za mlimani aweza kufunga gia ya ziada nyuma ya gia boksi, aiingize penye tambarare na kuitoa penye mlima.

Leo mjomba hupita njia ileile bila hofu, na bado hupitwa na wengine. Nilipomwuliza kama haoni aibu tena, alicheka akasema: "Mwanangu, anayejua kusimama ndiye afikaye." Nasi tuliomo shuleni tulikumbuke neno hilo, kwani wengi wetu kesho tutashika usukani.