Kufunga Detekta kwa Safari

Leo twataka kunena habari za chombo ambacho wachimbaji hukiita detekta, yaani chombo kitambuacho dhahabu na vitu vya chuma vilivyofichwa ardhini. Mtu wa Chunya ajaye Kariakoo kukinunua huenda amebeba fedha za wenzake pia. Kikifika kimevunjika, hasara ni ya watu wengi. Na njia ni ndefu: hadi Mbeya peke yake ni zaidi ya kilometa 800, kisha kuna safari ya kwenda Chunya, katika nchi ya Lupa ambako dhahabu ilionekana mwaka 1922.

Jina la Kariakoo latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi katika vita vya 1914 hadi 1918. Mpagazi yeyote angalikuambia ya kuwa mzigo uchezao ndani ya kifurushi ndio uharibikao.

Sahani ya chini ya detekta ina nyuzi nyembamba zilizozungushwa mara nyingi. Umeme upitapo humo hutoa nguvu ya sumaku iingiayo ardhini. Dhahabu ikiwapo, hurudisha jibu, na chombo hulia. Basi sahani ndiyo sikio lake. Ikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, umande huweza kuingia, nacho kikaanza kulia ovyo mahali pasipo kitu.

Kabla ya kuondoka dukani, kijaribu kwa sarafu, ukaangalie ni umbali gani kinaisikia. Kisha toa betri. Fungua plagi ya sahani kwa kushika plagi yenyewe, wala usivute waya. Uukunje waya kwa duara pana. Futa mchanga kwa kitambaa kikavu. Funga sahani kwa kanga au sponji ya godoro, uiweke kati ya mbao mbili nyepesi. Kisanduku cha mitambo kisilale juu yake kamwe. Ukiisha funga sanduku, litikise. Ukisikia kitu kinagonga, fungua, ujaze tena.

Betri ndizo zitakazo uangalifu kuliko vyote, kwa kuwa nyingi za siku hizi ni za lithiamu, nazo ncha zake zikigusana na funguo au sarafu zaweza kuwaka moto. Ziba ncha kwa utepe wa fundi umeme, kila betri katika mfuko wake, ukae nazo mwenyewe. Usiziache katika buti la basi. Kwa ndege, betri za akiba hazikubaliwi katika mizigo ipakiwayo chini. Huchukuliwa mkononi, na kipimo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 7.4 na ampea-saa 5 ni wati-saa 37, nayo yaruhusiwa.

Mwambie utingo asiweke magunia juu ya sanduku lako. Chukua risiti, na leseni pia, maana Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yamkataza mtu kutafuta madini bila haki ya madini.

Ukifika, unganisha chombo, ukijaribu kwa sarafu ile ile na kwa umbali ule ule. Sauti ikipungua, tazama kwanza plagi, kisha betri, ndipo uitazame sahani kwenye mwanga wa jua.