Gari linatetemeka ukifika 90? Usiongeze sauti ya redio

Desemba ikikaribia, familia nyingi za Dar es Salaam huanza kupanga safari ya nyumbani, ile ambayo watu wa Kilimanjaro hutaniwa kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Shule zimefungwa, oili imebadilishwa, mchele wa bibi uko kwenye buti na watoto wamebanana kiti cha nyuma wakigombea dirisha. Mnapita Kibaha, Mlandizi, Chalinze. Mkishaiacha Chalinze na kushika njia ya Segera, barabara inafunguka, mshale wa spidi unapanda hadi 90, na usukani unaanza kucheza mikononi.

“Baba Glory, mbona gari linatetemeka?”

“Barabara hiyo, mama. Lami imechoka.”

Redio inaongezwa sauti, safari inaendelea.

Mara nyingine kweli ni lami. Lakini lami mbovu hutetemesha gari kwenye kipande hicho tu, ukikivuka, linatulia. Mtetemo unaorudi kila mshale unapofika namba ile ile, hata kwenye lami nzuri, umo ndani ya gari. Na huenda haukuanza siku hiyo. Gari linalokwenda Kimara hadi Posta na kurudi, mwaka mzima kwenye foleni, halifiki spidi ya kuuonyesha ugonjwa wake. Safari ya Desemba ndiyo mara ya kwanza linakimbia, na siku hiyo ndiyo limebeba familia nzima.

Kwa nini 90, si 40?

Tairi la kawaida la gari dogo, tuseme lile la 195/65 la rimu ya inchi 15, likizunguka mara moja linakwenda karibu mita mbili. Kwa kilomita 100 kwa saa, linazunguka kama mara 14 kila sekunde. Sasa chukulia upande mmoja wa rimu umezidi uzito kwa gramu 20 tu, labda kwa sababu kile kipande kidogo cha risasi kilichobandikwa na fundi wa balansi kimedondoka. Kwa spidi hiyo, gramu hizo 20 hulivuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo tatu, kila linapozunguka.

Ukipunguza hadi 50, nguvu hiyo haibaki nusu, inabaki robo. Ndiyo maana ukiingia kijijini penye kibao cha 50 gari linatulia kana kwamba halina neno, na ukitoka linaanza tena.

Kuna jambo jingine linalowachanganya madereva. Springi na tairi zina mdundo wao wa asili, na gurudumu likizunguka kwa mwendo unaolingana na mdundo huo, mtetemo hukuzwa. Ukizidisha spidi unaweza kupungua. Wapo walioligundua hilo wakaligeuza tiba: likitetemeka kwenye 90, wao wanapita 110 linatulia. Hapo gari halijapona. Tairi na beringi zinaendelea kupigwa, na sasa mko kwenye spidi kubwa zaidi.

Mpe fundi historia ya mgonjwa

Katika kuandika habari za afya nimezoea kuwaona madaktari wakiuliza maswali kabla ya kuandika vipimo. Maumivu yako wapi, yalianza lini, yanazidi ukifanya nini? Gari nalo linahitaji historia ya namna hiyo, na mwenye nayo ni wewe unayeliendesha. Fundi analiona likiwa limesimama.

Anza na mahali. Mtetemo unaosikika zaidi kwenye usukani kwa kawaida unatoka magurudumu ya mbele. Usukani ukiwa umetulia lakini kiti na sakafu vinatetemeka, angalia nyuma. Hapa abiria ni mashahidi wazuri, kwa hiyo mtoto akisema kiti kinamtekenya, msikilize kabla hujamwambia anyamaze.

Kisha wakati. Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu, na kuondoka ukiiachia, huwa ni wa diski za breki ambazo unene wake haulingani tena pande zote. Ukija unapokanyaga mafuta na kutulia ukiachia, mshuku wa kwanza ni viungo vya ekseli, vile mafundi wanavyoviita sivijointi, kwa magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Kwa yanayosukumwa na ya nyuma, ni propela shafti. Lakini ule usiojali mguu wako uko wapi, unaofuata spidi tu, mara nyingi ni wa gurudumu lenyewe: balansi, tairi au rimu.

Injini unaweza kuitenga ukiwa umeegesha. Weka gia ya kuegeshea au huru, vuta breki ya mkono, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, kisha panda mafuta taratibu. Likitetemeka likiwa limesimama, magurudumu hayahusiki. Anza na plagi na ile mipira inayoishika injini, inayoitwa maunti. Jaribio hili lisifanywe kwa kutoa gia gari likiwa mwendoni. Wapo wanaolifanya, na kwangu halina maana yoyote ukiwa na watoto ndani.

Swali la tatu ndilo wengi tunalisahau: nini kilifanyika kwenye gari kabla halijaanza kutetemeka? Kama ulipita shimo kwa kishindo, rimu inaweza kuwa imepinda au tairi limekatika nyuzi ndani. Kama limekaa uani wiki kadhaa bila kutembea, tairi huweza kulala upande mmoja. Likipata joto la safari mara nyingi linarudi, lisiporudi lipeleke. Kama ulitoka kijijini kipindi cha mvua, inama uangalie upande wa ndani wa rimu. Tope likiganda huko na kukauka, linatosha kabisa kuharibu balansi. Dawa yake ni maji na brashi, na inasikitisha kufikiria watu wangapi wamebadilishiwa vipuri kwa ajili ya tope.

Kama limeanza baada ya pancha kuzibwa, kagua nati kabla ya kitu kingine chochote. Fundi pancha ana haraka, na wewe una haraka. Nati zikikazwa kwa kuzunguka badala ya kwa msalaba, au pakiwa na kutu na uchafu pale rimu inapokaa, gurudumu halikai sawasawa. Zikazwe tena ukishatembea kilomita 50 hadi 100. Hata kama fundi ni wa siku zote.

Fedha zinazopotea kwenye alaimenti

Kosa la kawaida gereji ni mteja kusema “gari linatetemeka” na kurudi nyumbani akiwa amelipia alaimenti. Alaimenti ni mwelekeo wa magurudumu. Ikiharibika, gari huvuta upande mmoja au tairi hulika vibaya. Inaweza kuleta mtetemo baadaye kwa kuliharibu tairi, lakini peke yake siyo inayochezesha usukani kwenye 90. Balansi ni mgawanyo wa uzito kwenye gurudumu, na hupimwa kwa kulifungua gurudumu na kulizungusha kwenye mashine. Ni kazi mbili tofauti, na zote zina bei yake.

Kabla hujakubali kununua kipuri, mwombe fundi ahamishe magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, ikiwa saizi ni moja, kisha mtoke mkajaribu. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, tatizo liko kwenye gurudumu lililohama. Usipohama, ndipo fundi anapanda jeki, anaweka vigingi vya kushikilia gari, na kutikisa kila gurudumu kwa mkono: juu na chini kutafuta beringi na boljointi zilizolegea, kushoto na kulia kutafuta tairodi. Beringi inayokufa huwa pia na mvumo unaopanda na spidi na kubadilika ukikata kona.

Tairi lenye sura nzuri

Tunakagua tairi kwa kuangalia kama ni kipara. Ni sawa, lakini haitoshi. Magari mengi tunayonunua yametumika Japani, na mengine yanakuja na tairi ambazo meno yake bado yamesimama huku mpira wenyewe umezeeka. Wengine tunanunua tairi za mtumba kwa sababu bei inaeleweka.

Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanayoanza na herufi DOT. Tafuta namba nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na hapo hakuna cha kujadili. Huenda upande wa nje usizione zote. Ziko upande wa pili. Watengenezaji kadhaa wakubwa hushauri tairi lililotumika miaka mitano likaguliwe na mtaalamu kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama linaonekana zima.

Jua, mzigo na upepo mdogo ndiyo mchanganyiko unaolimaliza tairi la namna hiyo. Tabaka za ndani huanza kuachana, uso wake unatoa nundu, na dalili ya kwanza kwa aliye ndani ya gari inaweza kuwa mtetemo unaokua siku hadi siku, au hata ndani ya saa moja. Kwa hiyo pima upepo asubuhi kabla tairi halijapata joto, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ukiangalia kama kuna kiwango cha gari lililojaa. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, gari likiwa limesimama na limepoa. Nundu utaisikia kabla hujaiona.

Mtetemo usiosubiri gereji

Mtetemo ulioanza ghafla, unaozidi kila dakika, au unaoambatana na kugonga, harufu ya kuungua au usukani kulegea, hausubiri mfike Segera. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta taratibu, usikanyage breki kwa nguvu, washa indiketa na utoke nje ya lami kabisa. Washa taa zote za tahadhari na uweke pembetatu nyuma. Watoto washuke kwa mlango usioelekea barabarani na wasimame mbali na lami, pamoja na mtu mzima, siyo nyuma ya gari.

Kisha zunguka gari. Angalia nati, angalia nundu na michaniko. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko nyingine zote, breki inaweza kuwa imeng’ang’ania au beringi imekufa. Tairi lenye nundu linatolewa pale pale. Halipunguzwi upepo wala halibebwi “polepole mpaka Korogwe”.

Wapo wanaoniuliza kama mtetemo wenyewe unamdhuru mtoto. Kwa safari ya siku moja, hofu yangu iko kwa dereva zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT nchini Australia walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio la watu 15, kwamba mtetemo wa taratibu, wa mara nne hadi saba kwa sekunde, uliwafanya waanze kusinzia ndani ya dakika 15. Gurudumu lisilo na balansi kwenye 100 hutetemesha kwa kasi zaidi ya hapo, hivyo si ushahidi wa moja kwa moja. Lakini mtu aliyekaza mabega kwa saa tano akipambana na usukani unaocheza anachoka, utafiti au bila utafiti, na aliyechoka ndiye anayekutana na basi linalo-ovateki kwenye kona.

Jaribu gari wiki moja kabla ya safari, siyo siku moja kabla. Toka asubuhi bila watoto, mahali pasipo na makazi na ambapo vibao vinaruhusu, upande taratibu hadi 80, 90, 100. Mwenzako akae kiti cha abiria aandike kwenye simu, maana dereva haandiki. Ujumbe wa kumpa fundi uwe hivi: “Linaanza 85, linapungua 105. Liko kwenye usukani, siyo kwenye kiti. Breki na mafuta havibadilishi kitu. Lilianza baada ya kuziba pancha mbele kushoto.” Fundi akisoma hivyo anajua aanzie wapi, nawe unajua akuulize nini kabla ya kukutajia bei.

Ukiwa huko gereji, mwambie apime na tairi la spea. Magari mengi madogo ya Kijapani hubeba lile jembamba la muda, lililoandikwa lisizidi kilomita 80 kwa saa, na mara nyingi ndilo tairi ambalo halijaguswa tangu gari lishuke melini.