Kwenda Mars? Kalale Kibo kwanza!

Wiki hii kijiwe chetu karibu na stendi ya Moshi kiliwaka moto. Mshikaji wangu mmoja alikuja kanuna. Kihamba cha baba yao kule Old Moshi kimegawanywa kwa watoto wa kiume watano, yeye kaambulia migomba michache na sehemu ya kujenga chumba na choo. Akasema, "Bora nikahamie Mars!"

Tulicheka mpaka machozi. Si unajua ule utani kwamba binadamu akifika sayari nyingine atakuta Mchaga ameshafungua duka? Lakini mwenzetu hakucheka. Alisoma kwamba Elon Musk, aliyeanzisha kampuni ya SpaceX mwaka 2002, anataka kujenga mji mzima huko. "Ardhi ipo bwerere," akasema.

Nikamwuliza, mbona hujajenga Kibo? Nako hakuna mwenye kihamba!

Nilipomaliza kidato cha nne niliwahi kuwa mpagazi wa watalii. Pale Kibo Hut maji hakuna, tuliyabeba kutoka chini. Usiku kichwa kinagonga, usingizi hauji. Kileleni Uhuru, mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ile ya pwani. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika huko mwaka 1889. Tangu hapo maelfu kwa maelfu wamepanda, wamepiga picha, wameshuka mbio. Hakuna hata mmoja aliyehamia.

Na Kibo ni peponi ukilinganisha na Mars! Huko baridi ni wastani wa nyuzi 60 chini ya sifuri. Hewa yenyewe haifiki asilimia 1 ya uzito wa hewa yetu, na karibu yote ni hewa ya ukaa. Safari ni kama miezi saba, na nafasi nzuri ya kurusha chombo hutokea kila baada ya miezi 26. Mchaga gani atakubali kukosa Krismasi nyumbani?

Kufika ni kitu kimoja, kuishi ni kingine. Kati ya mwaka 1969 na 1972 watu 12 walikanyaga Mwezi, na wote walirudi. Mimi naamini Mars watu watafika. Lakini watakaa kama tulivyokaa Kibo Hut, kwa mizigo ya kubebewa. Na mpagazi atakuwa nani kama si vijana kama sisi?

Jioni nilimsimulia babu, kule Kibosho. Akanionyesha mfereji unaopita kihambani, ule tunaouita mfongo. "Mjukuu wangu, hapa palikuwa msitu mtupu. Wazee walileta maji kwanza, ndipo watu wakakaa."

Nikatazama mlima, nikanywea. Kati ya mwaka 1912 na 2011 asilimia 85 hivi ya barafu ya Kilimanjaro ilitoweka. Tunagombea ardhi ya Mars, huku kihamba chetu sote, hii Dunia, kinaharibika mbele ya macho yetu. Na hiki hakina kingine cha kugawiwa.

Jumamosi nakwenda Old Moshi kumsaidia mshikaji kupalilia migomba yake michache. Mars itasubiri.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!