Mwanasayansi Aliyetaka Jina Lake Libaki

Katika hadithi na filamu zinazosimulia uovu unaozaliwa maabarani, mwanasayansi mwovu huchorwa kwa alama ambazo mtazamaji amekwisha kuzizoea: nywele timtim, kicheko kirefu, chupa zinazofuka moshi na mpango wa kuitawala dunia. Alama hizo zinatosha kumtambulisha adui wa stelingi, lakini hazielezi tabia yake, kwa kuwa hata jambazi wa kawaida anaweza kuwa na akili nyingi na roho mbaya. Kinachompambanua mhusika huyu ni uchu wa kumbukumbu, yaani tamaa ya kuacha jina litakalotajwa na vizazi ambavyo havijazaliwa, tamaa ambayo humfanya aione kazi yake kuwa ngazi na watu walio karibu naye kuwa vikwazo. Tabia hiyo ilichorwa mapema, na kwa ustadi mkubwa, katika riwaya ya Frankenstein ya Mwingereza Mary Shelley, iliyochapishwa mwaka 1818, na wengi waliokuja baadaye wameliazima jitu la riwaya hiyo wakaiacha tabia ya aliyeliumba.

Mary alianza kuiandika mwezi Juni 1816, akiwa na umri wa miaka 18, karibu na Ziwa Geneva nchini Uswisi, katika kiangazi kilichogeuka baridi na mvua kwa sababu gesi na vumbi vya volkano ya Tambora, iliyolipuka Indonesia mwaka uliotangulia, vilikuwa vimelipunguza joto la jua katika sehemu kubwa ya dunia. Wageni waliofungiwa ndani na mvua walishindana kutunga hadithi za kutisha kwa rai ya mshairi Lord Byron, na mazungumzo yao yaligusa jambo lililowashughulisha wasomi wa Ulaya wakati huo, nalo ni uwezo wa umeme kuitikisa misuli ya kiumbe kilichokufa, kama Mwitaliano Luigi Galvani alivyoonyesha kwa miguu ya vyura. Mwaka 1803, jijini London, mpwa wake Giovanni Aldini aliupitisha umeme katika maiti ya mtu aliyenyongwa, taya likatetemeka na jicho moja likafumbuka mbele ya watazamaji. Kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa riwaya hiyo hawakudhani kwamba wanasimuliwa uchawi.

Mhusika mkuu, Victor Frankenstein, ni kijana wa Geneva kutoka ukoo wenye heshima, anayependwa na wazazi, rafiki na mchumba, na hapo ndipo ulipo ustadi wa Mary, kwani msomaji hapewi jeraha la utotoni wala dhuluma ya kumwonea huruma. Akiwa chuoni Ingolstadt, Ujerumani, anagundua siri ya kuutia mwili uhai, na fikra inayomjia mara moja haihusu wagonjwa watakaopona, ingawa huitaja manufaa hayo kwa kupita, bali inahusu kizazi kipya cha viumbe kitakachomtukuza yeye kuwa muumba wake na kumshukuru kuliko mtoto yeyote anavyomshukuru baba. Methali ya Kiswahili humsema mgema ambaye akisifiwa, tembo hulitia maji. Victor analitia maji lake mapema zaidi, kwa kuzisubiri sifa ambazo hakuna aliyezitoa. Anaamua jitu lake liwe na urefu wa futi 8 kwa sababu udogo wa viungo vya mwili wa kawaida unamchelewesha, uamuzi ambao fundi yeyote wa saa angeuona kuwa wa mtu mwenye haraka ya kufika kuliko hamu ya kufanya kazi vizuri. Kwa muda wa karibu miaka miwili anakusanya viungo kutoka vyumba vya kupasulia maiti na machinjioni, haandiki barua nyumbani, na majira yanapita bila yeye kuyaona.

Usiku wa mwezi Novemba ambao kazi inakamilika unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapo ndipo tabia yote inapofichuka. Mvua inagonga vioo vya dirisha, mshumaa unakaribia kwisha, na katika mwanga huo hafifu jicho la manjano linafumbuka. Victor alikuwa ameteua meno meupe na nywele nyeusi zinazong'aa ili kiumbe chake kipendeze, lakini sasa anaona ngozi isiyofunika vizuri misuli na mishipa, na midomo myeusi. Kiumbe hakijafanya kosa lolote, hakijanyanyua hata mkono, lakini muumba wake anakimbilia chumba cha kulala, kisha, kinapomfuata na kumnyooshea mkono, anakimbia tena hadi uani, ambako anakesha akitembea huku na huko. Alichokuwa akikipenda kwa miaka miwili hakikuwa kiumbe. Ilikuwa ni taswira yake mwenyewe akiwa amesimama kando ya kiumbe kizuri, na uzuri ulipokosekana hakuona sababu ya kubaki chumbani.

Wataalamu wa saikolojia huiita hali ya kujipenda kupita kiasi unarsisi, neno lililotokana na Narkissos, kijana wa ngano za Wayunani aliyevutwa na sura yake majini, na dalili zake ni kujiona wa pekee, kuhitaji sifa daima na kuwa mgumu wa kuhisi machungu ya wengine. Victor anatofautiana kidogo na maelezo hayo, kwani machungu ya wengine anayahisi sana, ila huyageuza mara moja kuwa yake. Mdogo wake William anapouawa, na mtumishi wa nyumbani, Justine, anaposhtakiwa kwa mauaji hayo, Victor anajua muuaji ni jitu lake lakini hasemi hadharani kwa kuhofia kuonekana mwendawazimu, na binti huyo anapohukumiwa kifo, yeye anajihesabu kuwa ndiye anayeteseka zaidi, kwa kuwa Justine angalau ana faraja ya kutokuwa na hatia. Baadaye jitu linamtishia kwamba litakuwa naye usiku wa harusi yake. Victor anajizatiti kwa bastola na kumpeleka bibi harusi chumbani peke yake, akiwa na yakini kwamba anayewindwa ni yeye, na haimpitikii hata kidogo kwamba katika harusi kuna watu wawili, mpaka anaposikia ukelele wa mkewe.

Jambo linaloonyesha uchu wa kumbukumbu kuliko yote limewekwa mwishoni, mahali ambapo wasomaji wengi hupita haraka. Riwaya yote imo ndani ya barua za nahodha Robert Walton, anayesafiri katika barafu ya kaskazini ya dunia akitafuta umaarufu wake mwenyewe, na ambaye anamwokoa Victor akiwa mahututi na kuyaandika masimulizi yake. Victor anapotambua kwamba maneno yake yanaandikwa, anaomba kuyaona maandishi, kisha anayasahihisha na kuyaongeza kwa mkono wake, kwa maelezo kwamba hataki habari zenye kasoro ziwafikie watu wa baadaye. Huyu ni mtu aliyempoteza baba, ndugu, rafiki na mke, anakata roho katikati ya barafu, na bado anahariri. Kabla ya kufa anasema kwamba ameyapima matendo yake ya nyuma na hakuyaona kuwa ya kulaumiwa, na hata anapomwonya Walton ajiepushe na tamaa ya makuu, anaongeza kwamba huenda mwingine akafaulu pale aliposhindwa yeye.

Si kila mwanasayansi mwovu ana ugonjwa huu. Daktari Moreau wa riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1896, anayewapasua wanyama kisiwani ili awageuze watu, anaongozwa na udadisi usiojali maumivu kuliko na jina, na kwa sababu hiyo anatisha kwa namna nyingine. Kwa upande mwingine, vivuli vya Victor vimeonekana hata nje ya riwaya. Mwezi Desemba 1947, katika Maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, John Bardeen na Walter Brattain waliunda transista ya kwanza, kifaa kidogo kinachodhibiti mkondo wa umeme na ambacho ndicho msingi wa redio za mkononi, kompyuta na simu za leo. Mkuu wa kikundi chao, William Shockley, aliyekuwa na kipaji kisicho na shaka, aliumia kwa kutokuwamo katika ugunduzi huo, akajifungia hotelini Chicago na kubuni transista iliyo bora zaidi. Katika picha rasmi iliyopigwa kuutangaza ugunduzi, anayeonekana ameketi kwenye kifaa ni Shockley, na waliokivumbua wamesimama nyuma yake. Wote watatu walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1956, na mwaka uliofuata wafanyakazi wanane wa kampuni yake ya California walimkimbia kwa kuchoshwa na uongozi wake. Shockley hakuua mtu, na haitakuwa haki kumweka katika mizani moja na Victor, lakini picha ile ingemfaa sana Victor.

Kitabu cha Mary, ambacho kinazungumzia jina tangu mwanzo hadi mwisho, kilitoka London Januari 1818 katika nakala 500 bila jina la mwandishi, na baadhi ya wasomaji walidhani ni kazi ya mumewe, mshairi Percy Shelley. Kilipogeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1823, tangazo la mchezo lilimworodhesha mwigizaji wa jitu mbele ya mstari mtupu, kwa kuwa katika riwaya jitu halikupewa jina. Nafasi hiyo tupu ilijazwa baadaye na watu wenyewe, hasa baada ya filamu ya mwaka 1931 iliyomfanya Boris Karloff ajulikane ulimwenguni kwa kuigiza jitu hilo. Leo linapotajwa jina Frankenstein, wengi hulikumbuka jitu lenye paji pana na bolti shingoni, na wasiowahi kusikia habari za Victor ni wengi vilevile.