Kikosi cha Nyota wa Nyakati Zote na Hesabu ya Kuteua kwa Zamu

Mchezo wa kuteua kikosi cha nyota wa nyakati zote ni shindano la kubuni ambamo washiriki kadhaa, kila mmoja akijifanya kocha na mmiliki wa timu, hupeana zamu ya kuchagua wanasoka wa enzi yoyote, walio hai na waliokwisha kufa, mpaka kila mshiriki apate wachezaji kumi na mmoja. Sharti moja ndilo linaloutofautisha na ubishi wa kawaida wa vijiweni: mchezaji akishachukuliwa na mmoja, hawezi tena kuchukuliwa na mwingine. Vikosi vikishakamilika hupambanishwa viwili viwili, na kwa kuwa Garrincha, aliyefariki mwaka 1983, hawezi kumkabili Paolo Maldini uwanjani, mshindi hupatikana kwa kura za wafuatiliaji baada ya kila mshiriki kueleza mfumo wake wa uchezaji na namna anavyokusudia kuzima hatari za mpinzani.

Utaratibu wa kuteua kwa zamu asili yake si soka. Ulianza katika ligi ya mpira wa miguu wa Kimarekani, NFL, iliyofanya uteuzi wake wa kwanza mwaka 1936 kwa pendekezo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye aliona timu zenye fedha zikijizolea vijana hodari kutoka vyuoni huku timu dhaifu zikizidi kudhoofika. Dawa aliyoipendekeza ni kuipa timu iliyoburuza mkia nafasi ya kuchagua kwanza. Katika mchezo wa kubuni hakuna aliyeburuza mkia, hivyo mpangilio hupatikana kwa kura, kisha hugeuzwa kila mzunguko ili aliyechagua wa mwisho katika mzunguko wa kwanza awe wa kwanza katika mzunguko wa pili. Washiriki wakiwa wanane, aliyebahatika kuchagua wa kwanza hupata mchezaji wa 1, kisha husubiri mpaka wa 16 na wa 17, ilhali wa nane hupata wa 8 na wa 9 kwa mkupuo mmoja, kisha wa 24 na wa 25.

Hesabu hiyo ndogo hubadilisha swali lote. Wanaopiga kura kutafuta kikosi bora cha historia huulizwa nani ni bora, na kura hizo zimefanyika mara nyingi. Kikosi cha karne ya 20 kilichotangazwa mwaka 1998 kilikuwa na Lev Yashin golini, mabeki Carlos Alberto, Franz Beckenbauer, Bobby Moore na Nílton Santos, kisha Johan Cruyff, Alfredo Di Stéfano, Michel Platini, Garrincha, Diego Maradona na Pelé. Mwaka 2020 jarida la France Football, likiwa limesitisha tuzo yake ya Ballon d'Or kwa sababu ya janga la korona, lilikusanya kura za waandishi wa habari na kupata kikosi kingine, chenye Yashin, Cafu, Beckenbauer, Maldini, Xavi, Lothar Matthäus, Maradona, Pelé, Lionel Messi, Cristiano Ronaldo na Ronaldo wa Brazili. Majina manne tu yamo katika vikosi vyote viwili, na hakuna hata moja la mchezaji aliyezaliwa Afrika. Kikosi cha 2020 kina mabeki watatu na watu watano ambao kazi yao ni kufunga au kutengeneza mabao. Kama orodha ya heshima hakina kasoro, ila kocha yeyote aliyewahi kupanga timu ya mtaa angeuliza ni nani atakayerudi kukaba.

Anayeteua kwa zamu hawezi kuwapata watano hao pamoja. Akimchukua Maradona kwanza, wachezaji kumi na wanne wataondoka kabla zamu yake haijarudi, kwa hiyo analopaswa kujiuliza ni pengo gani litakuwa gumu zaidi kuzibwa zamu hiyo ikifika. Hapa ndipo washiriki wengi hukosea. Washambuliaji hodari wa kati ni wengi mno katika historia ya soka: wakishaondoka wale wa juu kabisa, bado watabaki Gerd Müller, aliyeifungia Ujerumani Magharibi mabao 68 katika mechi 62, Ferenc Puskás, aliyeifungia Hungaria mabao 84 katika mechi 85, Eusébio, Romário na Marco van Basten. Mabeki wa pembeni hali yao ni tofauti kabisa. Vikosi vinane vinavyotumia safu ya ulinzi ya watu wanne vinahitaji mabeki wa pembeni kumi na sita, na baada ya Maldini, Giacinto Facchetti, Nílton Santos, Djalma Santos, Carlos Alberto, Cafu, Philipp Lahm na wengine wachache wa kiwango hicho, ubora hushuka ghafla. Mwenye zamu ya tisa anayemchukua Maldini na kuacha mshambuliaji amefanya hesabu nzuri, hata kama wapenzi wa mabao watamcheka, tena Maldini aliicheza nafasi ya beki wa kushoto na ya beki wa kati kwa ustadi uleule, jambo linalomwachia mteuzi mlango wazi katika mizunguko inayofuata.

Kigezo cha pili ni kuoana kwa wachezaji, na hapa mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Claude Makélélé. Mzaliwa huyu wa Kinshasa aliyeichezea Ufaransa alikuwa kiungo mkabaji, yaani namba sita anayebaki mbele ya mabeki ili kuvunja mashambulizi na kuutoa mpira kwa pasi fupi kwa wenye ufundi zaidi. Mwaka 2003 Real Madrid, ikiwa na Zinedine Zidane, Luís Figo, Raúl na Ronaldo, ilitwaa ubingwa wa Hispania huku Makélélé akifanya kazi hiyo isiyoonekana. Kiangazi kilichofuata klabu ikamnunua David Beckham na kumwacha Makélélé aende Chelsea. Msimu uliofuata Madrid, yenye nyota wengi kuliko wakati wowote, ilimaliza katika nafasi ya nne na haikuuona tena ubingwa wa ligi hadi 2007, ilhali Chelsea ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka 2005 ikiwa imefungwa mabao 15 tu katika mechi 38. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, kwani hata kocha Vicente del Bosque aliondolewa kiangazi hichohicho, lakini wateuzi wa vikosi vya kubuni wangefaidika kuikumbuka habari hii kila wanapopanga Zidane, Maradona na Cruyff katika kiungo kimoja na kudhani kazi imekwisha.

Tatizo la kuoana huwakumba hata mabeki. Beckenbauer alikuwa libero, yaani beki huru asiyepewa mshambuliaji wa kumkaba, ambaye husafisha makosa ya wenzake na kupanda na mpira kuanzisha mashambulizi. Uhuru huo ulilipiwa na Georg Schwarzenbeck, beki mwenzake katika Bayern Munich na timu ya taifa, aliyebeba mzigo wa kukaba. Franco Baresi naye, katika Milan ya kocha Arrigo Sacchi iliyotwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1989 na 1990, aliongoza safu iliyosogea mbele kwa pamoja ili kuwaotesha wapinzani, mbinu inayovurugika mara tu mmoja anapobaki nyuma. Mteuzi anayewaweka Beckenbauer na Baresi bega kwa bega amepata majina mawili makubwa na ulinzi wa mashaka, wakati kumpata Schwarzenbeck kungemgharimu zamu ya mwisho tu.

Kulinganisha enzi ndiyo kazi ngumu zaidi, kwa sababu sheria zenyewe zimebadilika. Kabla ya mwaka 1925 mshambuliaji alihesabiwa kuwa ameotea ikiwa kati yake na mstari wa goli hapakuwa na wapinzani angalau watatu. Idadi hiyo ilipopunguzwa kuwa wawili, mabao ya ligi ya Uingereza yaliruka kutoka 4,700 msimu wa 1924/25 hadi 6,373 msimu uliofuata. Mabao 60 ya Dixie Dean wa Everton katika msimu wa 1927/28 hayajafikiwa na yeyote katika ligi hiyo tangu hapo, ila aliyafunga wakati mabeki walikuwa bado wakitafuta namna ya kuishi na sheria mpya. Kwa upande mwingine, washambuliaji wa zamani walivumilia mateso ambayo wa leo hawayajui: katika Kombe la Dunia la 1966 Pelé alipigwa mateke na Wareno hadi akawa anachechemea, na kwa kuwa kadi za njano na nyekundu pamoja na ruhusa ya kubadilisha wachezaji zilifika Kombe la Dunia mwaka 1970 tu, alibaki uwanjani hivyohivyo. Tuzo nazo hazisaidii sana, kwa maana hadi mwaka 1995, alipoishinda George Weah wa Liberia, Ballon d'Or ilitolewa kwa wachezaji wenye uraia wa nchi za Ulaya peke yao; anayempima Pelé au Maradona kwa idadi ya tuzo hizo anapima kwa mizani isiyowahi kuwekewa jina lao.

Picha za video pia huwapendelea wengine. Bao ambalo Pelé mwenyewe alilitaja kuwa zuri kuliko yote aliyofunga, dhidi ya Juventus ya São Paulo katika uwanja wa Rua Javari mwaka 1959, halikurekodiwa, na watengenezaji wa filamu kuhusu maisha yake walilazimika kulichora upya kwa kompyuta. Fainali ya Ulaya ya 1960, Real Madrid ilipoifunga Eintracht Frankfurt 7-3 jijini Glasgow kwa mabao manne ya Puskás na matatu ya Di Stéfano, imehifadhiwa, na heshima ya wawili hao kwa vizazi vilivyozaliwa baadaye imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya dakika hizo tisini.

Ndaye Mulamba wa Zaire, Kongo ya leo, hakupata bahati ya namna hiyo. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1974 nchini Misri alifunga mabao 9, rekodi ya mashindano mamoja ambayo haijavunjwa, yakiwemo yote manne ya Zaire dhidi ya Zambia katika fainali iliyoisha 2-2 na ile ya marudiano iliyoisha 2-0. Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, Zaire ilifungwa mechi zote tatu bila kupata bao, na katika ile ya 9-0 dhidi ya Yugoslavia mwamuzi alimtoa Ndaye kwa kadi nyekundu kwa kosa lililofanywa na mwenzake. Mashindano hayo ya pili ndiyo yaliyotazamwa na dunia. Mteuzi anayejua habari zake anaweza kumpata katika mzunguko wa kumi au wa kumi na moja, wakati wenzake wanagombania washambuliaji wa daraja la tatu wa Ulaya, lakini itambidi aambatanishe jina hilo na maelezo ya mechi mbili za Cairo. Akiyaacha, wapiga kura wataikumbuka ile 9-0 na kumpa ushindi mpinzani.