Uwanja Kabla ya Medali: Kuendeleza Riadha nchini Somalia Katika Mazingira ya Machafuko

Mijadala kuhusu riadha katika nchi zenye machafuko huanza kwa kuhesabu vipaji na kuishia kwa kulalamikia uhaba wa fedha. Makala hii inashika njia nyingine. Kwa kutumia mfano wa Somalia, inafafanua kwamba vita huporomosha kwanza mahali pa kufanyia mazoezi pamoja na watu wanaopasimamia, na kwamba ujenzi mpya hauna budi kuanzia hapo.

Kipaji kilikuwapo. Mwaka 1987 mjini Roma, Abdi Bile alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 1500. Mwaka 1996 huko Atlanta, miaka mitano baada ya serikali kuu kuanguka, alikuwa wa sita katika fainali ya Olimpiki. Hata hivyo, Bile alikomaa kimichezo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika jimbo la Virginia, Marekani. Ushindi wake unathibitisha uwezo wa mkimbiaji wa Kisomali, si uimara wa mfumo wa riadha wa Somalia, na mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi mno.

Hali ya mfumo wenyewe inadhihirika kwa Samia Yusuf Omar. Akiwa amefanya mazoezi Mogadishu katika uwanja uliotobolewa kwa risasi, alikimbia mita 200 katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 kwa sekunde 32.16, akawa wa mwisho katika kundi lake. Muda huo haupimi miguu yake peke yake. Unapima pia vizuizi vya barabarani na vitisho dhidi ya wasichana waliothubutu kushiriki michezo. Akitafuta kocha alikwenda Addis Ababa, kisha Libya. Mwaka 2012 alifia katika bahari ya Mediterania akijaribu kufika Ulaya. Aprili ya mwaka huohuo, rais wa Kamati ya Olimpiki ya Somalia, Aden Yabarow Wiish, aliuawa kwa bomu mjini Mogadishu.

Uwanja mkubwa wa Mogadishu nao uligeuzwa kambi ya al-Shabaab, kisha kambi ya majeshi ya Umoja wa Afrika hadi mwaka 2018. Kwamba walinda amani walihitaji makao halipingiki. Lakini kizazi kizima cha wakimbiaji kilikosa uwanja huo hata baada ya wapiganaji kuondoka.

Hapa ndipo kuiga Kenya kunapopotosha. Mkimbiaji wa Iten hutumia barabara za udongo zilizo wazi kwa wote. Mogadishu, barabara ndiyo hatari yenyewe, hivyo uwanja wenye ukuta ni sharti la kwanza la mazoezi, wala si anasa. Kwa mantiki hiyo, makubaliano ya kukabidhi majengo ya umma kutoka mikononi mwa majeshi yangepaswa kuvitaja viwanja kwa majina na tarehe, kutenga saa za wasichana, na kuwahakikishia makocha ujira wa kila mwezi, hata uwe mdogo, kabla ya timu yoyote kugharimiwa safari ya nje.